Nduthi Haijawahi Kutoka Dukani Ikiwa Tayari

Kuna ushauri unaozunguka sana siku hizi, kwamba nduthi ya stima ni kama simu: ukishainunua, usiiguse. Usibadilishe kiti, usiongeze taa, usifunge mwavuli, usimwite fundi. Itumie vile ilivyokuja.

Mimi sikubali, na sababu yangu iko kwenye historia. Simama dakika tano kwenye steji yoyote pale Makutano, Meru, au karibu na soko la Gakoromone, halafu uhesabu nduthi ambazo bado ziko vile zilitoka kiwandani. Utatafuta sana. Hii ina keria ya chuma, ile ina kiti kilichoshonwa upya, nyingine ina mwavuli, bampa, stika za timu na reflekta kila mahali. Wenyewe wanaona ni kawaida. Lakini hiyo kawaida ina historia ya zaidi ya miaka 50, na tusipoijua tutaipoteza bila hata kugundua.

Hoja yangu ni moja: hapa kwetu, chombo cha magurudumu mawili humaliziwa na anayekiendesha. Kiwanda huleta nusu, barabara huleta nusu ya pili. Nduthi ya stima ndiyo ya kwanza kuja ikiwa imefungwa kufuli kwenye hiyo nusu yetu.

Mto mmoja ulianzisha biashara nzima

Turudi Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960 na 1970. Kati ya kituo cha mpaka cha upande huu na kile cha upande wa pili kulikuwa na kipande cha njia ambacho gari la abiria halikuvuka. Ukiwa na mzigo kichwani na jua limewaka, hicho kipande ni kirefu. Vijana wenye baiskeli wakaona kazi hapo. Walikuwa wanaita abiria kwa maneno ya Kiingereza ya "mpaka hadi mpaka", na kwa masikio ya watu maneno hayo yakawa boda boda. Ndiyo jina tunatumia hadi leo, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona mpaka wowote.

Baiskeli yenyewe ilikuwa Black Mamba: nzito, nyeusi, ya chuma, ya ule mtindo ambao kampuni kama Raleigh ya Nottingham ilikuwa imeusambaza kwenye makoloni, na baadaye zikaja za India na China. Nyuma ilikuwa na keria. Sasa fikiria: hiyo keria ilitengenezewa mizigo. Ni vyuma vyembamba ambavyo ukivikalia kwa kilomita moja ya vumbi na mashimo, utashuka ukitembea kama umepigwa.

Kwa hivyo mtu akachukua sponji, akaifunika kwa ngozi bandia, akaishona, akaifunga juu ya keria. Mto, basi. Jina la aliyeanza halikuandikwa popote, lakini bila huo mto hakuna abiria, na bila abiria hakuna boda boda. Baadaye vikaja vyuma vya kuwekea miguu, vya kushikilia kwa mikono, na madigadi yenye kipande cha mpira ili matope yasimrukie mama aliyevaa nguo ya kanisa. Taa ilikuwa ya dinamo inayosugua gurudumu: ukipunguza mwendo nayo inafifia.

Kwa hivyo starehe ndiyo ilitangulia, biashara ikafuata. Anayekwambia kubadilisha kiti ni mambo ya urembo hajui boda boda ilianzia wapi.

Na si Busia peke yake. Vuka Uganda mzima uingie mashariki mwa Kongo, ufike Goma, utapata chukudu: chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, hakina pedali wala injini, na kinabeba magunia ya viazi na mkaa kushuka milimani. Hiyo hata haikutoka kiwandani. Anayeitumia ndiye anayeichonga au kumwambia fundi aichonge vile anataka, ndefu au fupi kulingana na mzigo wake. Watu wa Goma wanaiheshimu mpaka mjini kuna sanamu yake ya rangi ya dhahabu. Yaani ukanda wetu mzima una hii tabia.

2008: milima yetu inapata injini

Baiskeli ya abiria ilifaulu sana mahali tambarare kama Busia na Kisumu. Lakini jaribu kumpandisha abiria kwa pedali kutoka kwa bonde moja la mto hadi lingine kwenye njia ya Embu kwenda Chuka na Meru. Mto, mlima, mto, mlima. Kwetu injini ndiyo ilifungua mlango.

Mwaka wa 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc. Bei ikashuka, na nduthi kutoka India na China zikamiminika: Boxer, TVS na wenzao. Hizi ziliundwa ziwe pikipiki za kawaida za mtu kwenda kazini na kurudi, labda na mwenzake nyuma. Hakuna mhandisi kule Pune aliyekaa chini akawaza mitungi ya maziwa ya Nkubu, mikungu ya ndizi ya Imenti, au mafurushi ya miraa yanayotoka shambani Igembe yakikimbizwa Maua kabla hayajanyauka.

Aliyewaza ni fundi wa jua kali. Mashine ya kuchomelea ikafanya kazi. Keria ikaongezwa urefu na vyuma vya pembeni. Bampa ikawekwa mbele ili nduthi ikianguka, chuma kiumie kabla ya goti. Shokabsoba za nyuma zikaimarishwa. Kiti kikashonwa upya. Ukienda Timau, ambako ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na asubuhi vidole vinaganda, utaona usukani umevalishwa mifuko mizito ya kuingiza mikono, na mwanaboda amevaa koti la kumfika magotini. Shuka Ishiara au Kathwana kwenye joto, hayo yote hayana maana. Ni nduthi ileile, lakini kila mahali imevaa kivyake.

Ili tusidanganyane, si kila kitu kilichoongezwa kilikuwa kizuri. Kiti kirefu cha starehe ndicho hichohicho kiliruhusu abiria wanne. Mwavuli unaokukinga mvua ndio huohuo upepo unaushika mlimani na kukuvuta pembeni. Na ekzosi iliyotobolewa ili nduthi ingurume kama ndege, manze, hiyo ilikuwa ya kujionyesha tu. Historia ya kumalizia nduthi ina watu wenye akili na pia ina watu waliomalizikia hospitalini.

Kuonekana si kupendeza tu

Sheria nayo ikaingia. Mwaka wa 2012 Sheria ya Trafiki ilibadilishwa: anayepanda pikipiki avae helmeti na jaketi lenye reflekta, na abiria awe mmoja. Wengi wetu tuliiona hiyo jaketi kama yunifomu ya kusumbuliwa nayo na polisi. Lakini wazo lake ni la maana: ajali nyingi za pikipiki huanza kwa dereva wa gari kusema "sikumwona".

Malaysia walilishughulikia hilo mapema. Mwaka wa 1992 walianza kuwataka waendesha pikipiki wawashe taa hata mchana, na utafiti uliofuata ulionyesha ajali za aina ya kutoonekana zilipungua kwa karibu asilimia 29. Kitu ilikuwa tayari iko kwenye pikipiki. Hawakununua chochote, waliwasha tu.

Sisi tulichukua njia yetu: taa za LED za rangi chini ya tangi, buluu, zambarau, kijani, zikiwaka na kuzimika. Zinavutia, sikatai. Ila kuna tofauti kati ya taa inayoonyesha ulipo na taa inayomchanganya mwenye lori asijue kama unaenda au unakuja. Nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lugha ambayo kila dereva anaijua. Ukiweka buluu nyuma, unaongea lugha yako mwenyewe, usiku, na lori liko nyuma yako.

Hapa matatu zina somo. Mwaka wa 2004 waziri John Michuki alileta kanuni zake: mshipi, kidhibiti mwendo, mstari wa njano, na michoro ikapigwa vita. Miaka kumi baadaye, 2014, Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore. Angalia kilichobaki na kilichorudi. Mshipi na kidhibiti mwendo vilibaki sheria, kwa sababu vinahusu uhai wa abiria. Michoro ikarudi, kwa sababu ilikuwa haiui mtu, na ilikuwa inalisha wachoraji. Kupanga vitu mafungu mawili hivyo kungetusaidia sana sasa hivi.

Stima yenyewe ilianza kwa kubadilisha

Watu wanaongea kama nduthi ya stima ilishuka jana. Mmarekani Ogden Bolton alipata hataza ya baiskeli yenye mota kwenye gurudumu la nyuma na betri katikati ya fremu tarehe 31 Desemba 1895. Umbo lilikuwa karibu lilelile tunaloliona leo. Kilichokosekana ni betri nyepesi. Betri za risasi zilikuwa mizigo, na petroli ikashinda kwa karibu karne nzima. Mwaka wa 1993 Yamaha wa Japani wakauza baiskeli ambayo mota humsaidia anayekanyaga pedali, halafu betri za lithiamu zikashuka bei, na mlango ukafunguka.

Kenya iliingiaje? Kampuni ya Opibus, ambayo siku hizi inaitwa Roam, ilianza Nairobi mwaka wa 2017. Kazi zake za kwanza zilikuwa nini? Kutoa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kuweka mota na betri. Yaani mwanzo wa stima barabarani kwetu ulikuwa ni kubadilisha gari la zamani. Baadaye wakaunda pikipiki yao, Roam Air, na 2023 wakafungua kiwanda Nairobi. Ampersand, iliyoanzia Kigali, ikavuka ikaja Kenya. Spiro ikazinduliwa Mombasa Septemba 2023, Rais Ruto akiwepo. Mwaka huohuo Sheria ya Fedha ilizipa pikipiki za stima na betri za lithiamu nafuu ya VAT, na Machi 2024 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ikatoa rasimu ya sera ya usafiri wa umeme.

Na sisi watu wa huku tuna haki ya kujivuna kidogo. Stima yenyewe inatoka pia kwetu. Mabwawa ya Mto Tana, yale yanaitwa Seven Forks, yako mpakani mwa Embu na majirani zake: Kindaruma tangu 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Maji yanayoshuka kutoka Mlima Kenya ndiyo yanayosukuma hizo mashine. Kwa hivyo mwanaboda wa Nairobi akichaji, anatumia kidogo mvua ya Mlima Kenya.

Ya kubadilisha, na hesabu yake

Nduthi ya stima inakufundisha kitu ambacho ya petroli ilikuficha: kila unachoongeza kina bei, na bei unaiona kwenye kioo cha chaji.

Betri moja ya kawaida hubeba kama uniti 3, zilezile uniti za token ya nyumbani. Chukua nduthi, wewe na abiria, jumla kilo 270, upande kutoka Meru mjini hadi Timau, yaani kama mita 900 juu. Kuinua uzito huo tu kunakula karibu uniti 0.66, kabla ya kuhesabu upepo, matairi na joto la mota. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya betri imeenda kwa mlima peke yake. Ukiongeza chuma cha kilo 20, inaongezeka kama 0.05. Si nyingi. Kinachouma zaidi ni mwavuli, kwa sababu ukiongeza mwendo mara mbili upepo unakuzuia mara nne. Mwavuli kwa mwendo wa pole mjini, sawa. Mwavuli kwenye barabara kuu ya Nanyuki, unachoma chaji na unahatarisha shingo.

Kwa starehe anza na kiti. Nduthi nyingi za stima zina betri mahali tangi lilikuwa, au chini ya kiti, kwa hivyo urefu wa kukaa na mahali pa magoti ni tofauti na Boxer. Fundi wa viti anaweza kuongeza sponji ngumu nyuma na laini mbele bila kugusa waya hata mmoja. Sogeza usukani kidogo kuelekea kwako kama viwiko vinanyooka kabisa. Mgongo utakushukuru jioni. Pima upepo wa matairi kila wiki, hiyo ni bure na inaongeza kilomita.

Kwa kuonekana, hapa stima imebadilisha mchezo kabisa. Haina kelele. Kwa miaka yote hii, mathe anayetoka Gakoromone na mzigo mgongoni alikuwa anavuka barabara kwa masikio. Nduthi ya petroli ilijitangaza yenyewe. Ya stima inafika kimya, na mtu anashtuka iko mbele yake. Kwa hivyo reflekta za pembeni, taa ya mbele mchana na usiku, rangi angavu kwenye madigadi na helmeti, hizo sasa zinafanya kazi ambayo ekzosi ilikuwa inafanya. Honi iwe ya kuita, si ya kutisha.

Ila usivute waya wa taa moja kwa moja kutoka kwa betri kubwa. Taa za kawaida ni za volti 12, na betri ya mota ina volti nyingi zaidi. Zinahitaji kifaa cha kushusha volti, na fyuzi yake. Fundi akikwambia "tutaunganisha tu hapa", mshukuru na uondoke.

Na mtindo wa kuendesha? Petroli ilitufundisha kuvuta kwa nguvu kwenye mlima na kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, tabia ambayo imeua watu. Stima inataka kinyume chake: mkono wa pole mlimani, na kwenye mteremko, kama nduthi yako ina breki ya mota, iache ikushikilie na kurudisha chaji kidogo. Kwenye barabara yetu, ambapo sote tunaijua Nithi na kona zake, kitu kinachokushikilia ukishuka si anasa.

Kufuli iko wapi

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Kampuni nyingi zinauza nduthi lakini betri inabaki yao. Unabadilisha iliyoisha kwa iliyojaa, unalipa, unaendelea. Ni mpango mzuri kwa mtu asiye na pesa ya kununua betri. Lakini betri hizo zinafuatiliwa kwa mtandao na zinaweza kuzimwa kutoka mbali, na kuongeza taa moja tu kunaweza kukupotezea waranti.

Sababu za kampuni si za uongo. Betri ya lithiamu ikitobolewa au kuunganishwa vibaya inaweza kuwaka moto, na ni mali yao. Hapo nawaunga mkono: betri, kidhibiti cha mota na breki, tuviache. Hizo ni mshipi na kidhibiti mwendo cha Michuki. Lakini kiti, keria, usukani, vioo, reflekta, rangi na taa ndogo ni fungu la pili, fungu la michoro. Hizo ni zetu tangu ule mto wa kwanza wa Busia.

Kufuli ikikaa kila mahali, atakayepoteza kwanza ni fundi. Kijana wa Maua aliyejifunza kushona viti na kuchomelea keria ana kazi leo kwa sababu nduthi huja nusu. Kila kitu kikiwa lazima kifanywe Nairobi na mtu mwenye laptopu, hiyo pesa inapanda basi inaenda. Na nduthi zitakuja zikiwa zimefikiriwa kwa barabara tambarare za mjini, bila mtu wa kuzirekebisha kwa mlima wetu.

Kwa hivyo mwenye kampuni akija Meru au Embu kukuonyesha nduthi mpya inayong'aa, usiulize bei peke yake. Uliza maswali matatu. Je, kuna sehemu ya volti 12 iliyoachwa wazi na salama ya kuunganisha taa? Je, fremu ina matundu ya kufungia keria na bampa, na ni kilo ngapi inaruhusiwa kubeba? Je, fundi wa hapa atafundishwa, hata kama ni pale Meru National Polytechnic, au kila hitilafu itasubiri mtu kutoka mbali? Na hayo majibu yaandikwe kwenye karatasi ya waranti, kwa Kiswahili, kabla hujatia sahihi.

Akishindwa kujibu, mwambie aende akaimalizie kwanza.